Pini iliyoegemea ukuta: nani anaamua, na anaamua lini?

MwanaWaVuga (mwenye uzi)

Assalaam alaikum wakuu, na wengine wote habari za jioni.

Naandika nikiwa na uchungu wa wiki mbili, juu ya mashindano ya bolingi tuliyocheza Dar. Wale tunaokaa pamoja barazani Jaws Corner baada ya alasiri mmeshanisikia nikilisema jambo hili mpaka kahawa ikapoa kikombeni, na mzee mmoja pale akaniambia, "Mwanangu, liandike, maneno ya barazani huchukuliwa na upepo." Basi naliandika.

Kwa wasionijua, mie nimeishi Maskati miaka sita, na huko ndiko nilikojifunzia bolingi, hii ya kuviringisha mpira mzito kwenye leni, njia yake ya mbao, uangushe pini kumi zilizopangwa mwisho. Kazini kwetu tulikuwa na ligi ndogo ya kila Jumatatu usiku: Waomani, Wahindi, Wafilipino, na sisi Wazanzibari watatu. Niliporudi Unguja nikakutana na wenzangu wengine waliokuwa na ugonjwa huo huo. Tukawa tunachangishana nauli, tunapanda boti, tunakwenda kucheza Dar, jioni tunarudi.

Safari hii tulikwenda sita. Yalikuwa mashindano ya siku moja, gemu tatu kwa kila mtu, kila gemu zamu kumi tunazoziita fremu, na mwenye alama nyingi kwa jumla ndiye bingwa. Ukumbi siutaji wala waandaaji siwataji. Sikuja hapa kumchafulia mtu jina.

Katika gemu ya tatu, mwenzetu mmoja, sisi tunamwita Kaka Mkubwa, alikuwa anakwenda vizuri. Fremu ya sita kapiga straiki, yaani zote kumi kwa mpira wa kwanza. Ya saba kaachia mpira safi kabisa, ukakata ukaingia baina ya pini ya kwanza na ya tatu, pini zikaruka. Tisa zikalala. Ile ya kumi, ya pembeni kabisa mkono wa kulia, ikayumba, ikateleza, kisha ikainama juu ya mfereji na kuegemea ukuta wa pembeni. Kitako chake bado kiko ukingoni mwa leni, kichwa kimegusa ubao. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Kaka Mkubwa, ile mistari miwili myekundu ya shingoni mwa pini niliiona imelala ubaoni.

Kamera ya kompyuta ikaihesabu kuwa imesimama. Skrini ikaandika 9. Mashine ikashusha meza yake ya kuinulia pini, lakini pale pa pini ya kumi hapakuwa na kitu cha kushika, ikarudi juu mikono mitupu. Fagio likapita likaichukua ile iliyoegemea pamoja na zile zilizolala. Sasa leni ni nyeupe, haina pini hata moja, na skrini inamdai mtu mpira wa pili.

Kaka Mkubwa akamwita msimamizi, akamwambia pini ile imeanguka. Akajibiwa, "Kompyuta imeandika tisa. Tupa mpira wako wa pili, tutazungumza mwisho." Akautupa. Wakuu, ule mpira ulikwenda peke yake mpaka mwisho wa leni, mita kumi na tisa hivi, ukapiga pazia la nyuma, pu, ukarudi. Skrini ikaandika kistari, yaani sifuri. Na ukumbi mzima unatazama.

Kitabu cha sheria cha USBC, chama kinachosimamia bolingi Marekani, kinasema pini iliyoinama ikagusa ukuta wa pembeni inahesabiwa kuwa imeanguka, na iondolewe kabla ya mpira unaofuata. Ingehama tu mahali pake ikabaki wima, hapo ingekuwa imesimama. Ile iligusa ukuta. Ilikuwa straiki.

Fremu ya nane akaangusha nane, kisha mbili zilizobaki, yaani spea. Piga hesabu nami. Kwa walivyoandika wao, fremu ya sita ni 19 na ya saba ni 9, jumla 28. Kwa sheria, ya sita ni 28 na ya saba ni 20, jumla 48. Pini moja iliyoegemea ukuta imekula alama 20, kwa sababu katika bolingi straiki hubeba mipira miwili inayofuata, yaani huongezewa pini za mipira hiyo, na hii ilikuwa imebebwa na nyingine nyuma yake.

Mwisho wa siku Kaka Mkubwa ana 171, 168 na 173. Jumla 512. Na kijana mmoja wa hukohuko Dar ana 203, 150 na 159. Jumla 512. Sare!

Karatasi ya mashindano haikuwa na neno hata moja juu ya sare. Waandaaji wakajikusanya pembeni dakika tano, wakarudi wakasema bingwa ni mwenye gemu kubwa zaidi ya siku. 203. Kombe likenda.

Sisemi kwamba kuangalia gemu kubwa ni vibaya. Ni njia inayojulikana. Kuangalia gemu ya mwisho nayo inajulikana, na kwa njia hiyo 173 inaishinda 159, kombe linavuka maji kuja Unguja. Njia zote mbili ni za haki asubuhi kabla ya mpira wa kwanza. Saa kumi jioni hakuna hata moja iliyo ya haki, maana anayechagua njia anajua tayari anamchagua nani. Hili ndilo linaloniuma. Kombe lenyewe ni la bati.

Naomba kuwasilisha.

MpembaWaWete

Waalaykum salaam. Pole sana kaka. Nina swali la dhati. Umesema mwenyewe kitabu kiko wazi juu ya pini iliyoegemea. Sasa hapo tatizo ni sheria kutokuwa wazi, au ni msimamizi kutoijua? Maana dawa zake ni mbalimbali. Asiyejua hufundishwa, lakini sheria yenye utata hata mwalimu haimsaidii.

MwanaWaVuga

Ahsante sana, umenisaidia kulichambua. Nimelilalia usiku mzima swali lako.

Naona kuna mambo matatu na mie niliyachanganya. Pini iliyoegemea, sheria ipo na iko wazi, ila karatasi ya mashindano haikusema tunafuata kitabu gani, kwa hiyo msimamizi akaifanya kompyuta kuwa kitabu. Sare ni jambo la pili. Hilo kila shindano linajichagulia lenyewe, na likinyamaza basi hakuna kitu. La tatu ni pale kitabu chenyewe kinapokuwa na tundu ambalo hakuna aliyeliona mpaka mtu apite.

Nikupe mfano wa hilo la tatu, maana ni kisa ninachokipenda. Kulikuwa na mchezaji wa kulipwa wa Marekani, Don McCune. Mwaka 1973 alikuwa akiiloweka mipira yake ya plastiki kwenye dawa kali ya kuyeyushia, ganda la nje likilainika. Leni za bolingi hupakwa mafuta, na mpira mgumu huteleza juu yake. Mpira laini unang'ata, unakata kona, unaingia kwenye pini kwa pembe nzuri. Sheria ilitaja uzito, ilitaja ukubwa, ugumu haikuutaja. Mwaka ule alichukua mataji sita na kuwa mchezaji bora wa mwaka wa PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa wa huko. Baadae ndipo kipimo cha ugumu kikaandikwa. Hakunyang'anywa kitu, na mie naona ni haki: huwezi kumhukumu mtu wa jana kwa sheria ya leo.

Tena jambo hilo halijesha. Machi 2022 USBC iliizuia mipira ya Purple Hammer iliyotengenezwa 2016 na 2017 isiingie kwenye mashindano yake ya taifa, kwa sababu vipimo vilionesha mingine ni laini kuliko kiwango. Watu walishaitumia miaka, wengine waliinunua dukani kwa nia safi wala hawajailoweka popote.

Kete64

Mie bolingi siijui, mie ni mtu wa bao. Lakini nimeusoma uzi huu mpaka mwisho kwa sababu maumivu haya nayajua.

Bao letu halina refa wa filimbi. Lina mafundi. Kete 64, mashimo 32, unaanza na sita nyumbani, mbili na mbili pembeni yake, 22 mkononi. Hayo kila mtoto wa Ng'ambo anayajua. Lakini ingia ndani kwenye kutakasia, yaani kumfungia mwenzako shimo asilicheze, uone watu wazima wanavyosimama. Mwaka juzi nilicheza na mgeni kutoka bara, mtu mzuri, fundi kweli, tukakwama katikati ya mtaji, kete za mkononi zimeshakwisha. Yeye anaamini sina ruhusa ya kulicheza shimo lile, mie naamini ninayo. Sote tumefundishwa na wazee wetu, hakuna mwongo. Tulifunika bao tukanywa kahawa.

Hapa barazani kwetu hatugombani, kwa sababu sote tumefundishwa na mzee mmoja. Sheria yetu iko kichwani mwake, naye yupo, anaulizwa. Akitoka mtu mmoja tu nje ya baraza, mambo yanakuwa mengine. Nadhani ndilo lililowakuta nyie. Mlivuka maji mkakutana na baraza nyingine.

MwanaWaVuga

Sheikh Kete64, umesema neno kubwa. Na historia ya bolingi ni hiyo hiyo. Kule Marekani vilabu vilikuwa vinacheza kila kimoja kwa mtindo wake, mpaka Septemba 1895 vikakaa New York vikaunda chama kimoja, ABC, ili sheria ziwe moja. Chama hicho ndicho kilichoungana na vyama vingine 2005 kikawa USBC. Yaani zaidi ya miaka mia ya kukaa na kuandika, na bado pini inaegemea ukuta watu wanatazamana.

BintiMalindi

Samahani kwa kuingilia, lakini mie nilikuwepo. Nilicheza leni ya nne. Yote aliyoyaeleza kaka hapo juu juu ya ile pini ni kweli, niliiona. Lakini kuna mambo hakuyasema, na haki ni kuyasema yote.

Kwanza, Kaka Mkubwa aliitia saini karatasi yake ya alama. Nilimuona. Ukishatia saini umekubali hesabu. Ukibisha baadae, mtu ana haki ya kukuuliza ulikuwa wapi ulipokuwa umeshika kalamu.

Pili, taa ya faulo ya leni ya tatu na ya nne ilikuwa haifanyi kazi tangu asubuhi. Sote tulijua. Kwa wasiojua mchezo: mbele ya leni kuna mstari, ukiukanyaga au ukagusa ng'ambo yake kwa mguu, mkono au kiungo chochote wakati wa kuachia mpira au baada yake, pini zote ulizoangusha kwa mpira ule hazihesabiwi. Kuna mwali wa taa unaopita juu ya mstari, ukikatwa kengele inalia. Kama taa haipo, awekwe mtu wa kutazama. Hakuwekwa. Kuna mipira miwili mitatu, sitaji ya nani, ambayo mguu uliteleza ukavuka, na tulinyamaza. Mmoja katika walionyamaza ni mie, na mpaka leo sijisikii vizuri.

Tatu, kuna kijana alikuwa anarusha kwa mikono miwili, mtindo wa yule Muaustralia Jason Belmonte, na dole gumba haingizi. Mpira wake ulikuwa na tundu la dole gumba. Tangu Agosti 2020 kwa sheria za USBC kila tundu lililotobolewa lazima litumike kushikia mpira katika kila mrusho. Zamani ukiruhusiwa tundu la kusawazisha uzito, sasa halipo. Kwa hiyo mpira ule haukuwa halali. Je, tumfutie kijana alama zake zote? Hakuna aliyemwambia kitu asubuhi. Yeye anacheza kwa raha zake, na nina hakika hajui.

Naunga mkono hoja ya kaka. Ila tusiishike sheria pale tu inapotupa kombe.

MwanaWaVuga

Dada BintiMalindi, umenifunga, na nakubali. Hilo la taa nililijua na sikuliandika. Nilikuwa nimeshikwa na hasira ya ile pini, nikaona moja tu. Nakuomba radhi wewe na wasomaji.

La saini sitalijibu mie, nimemwambia mwenyewe aingie.

KakaMkubwa_Ung

Salaam. Mie si mwandishi.

Ni kweli nilitia saini. Boti ilikuwa inaondoka na wenzangu wako nje na mabegi. Nikamuuliza msimamizi, yale mazungumzo ya mwisho vipi? Akasema tia saini kwanza tupate matokeo, halafu tuzungumze. Nikatia. Matokeo yakatoka, mazungumzo hayakuwapo.

Ningependa vijana wajue hili: usitie saini. Boti nyingine ipo.

Nahodha_Mstaafu

Wanangu, nimesoma. Mie nimesimamia resi za ngalawa kwa miaka, nataka nimsemee huyo msimamizi, hata kama hayupo.

Mnasema aandike kila kitu. Haiwezekani. Nakupeni kisa changu. Tuliandaa resi, tukaandika kila kitu: idadi ya mabaharia, ukubwa wa tanga, pa kuzungukia, nani ana haki ya njia. Karatasi mbili kamili. Ngalawa mbili zikaja pamoja kwenye mstari wa mwisho. Moja omo yake, yaani pua, imetangulia kuvuka. Ya pili imekuja kwa kasi kutoka nyuma, ikamaliza kupita chombo kizima, omo mpaka tezi, kabla ya ile ya kwanza kumaliza. Nani kashinda? Kwenye karatasi mbili zile hakuna aliyeandika kama kinachohesabiwa ni omo au ni tezi. Tulikuwa wavuvi na manahodha watupu, watu wa bahari tangu kuzaliwa, na hakuna aliyefikiri kuliandika, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anajua.

Kwa hiyo karatasi haitoshi. Nilichojifunza siku ile ni kwamba kabla ya kung'oa nanga lazima watu wote wamjue mtu mmoja ambaye neno lake ni la mwisho, na awe hana chombo majini. Mie siku ile nilikuwa na chombo cha mtoto wa dada yangu majini. Nilitoa hukumu ya haki, wallahi ya haki, na hakuna aliyeniamini. Ningekuwa wao, mie pia nisingeamini.

Huyo msimamizi wenu alikuwa anacheza?

BintiMalindi

Ndiyo baba. Leni ya tano.

Nahodha_Mstaafu

Basi.

MpembaWaWete

Nimeelimika. Lakini nina jengine, maana nimeanza kutafuta habari za mchezo huu kwa sababu yenu. Nimekuta kuna hesabu ya aina mbili. Moja ni hiyo ya straiki kubeba mipira miwili inayofuata. Nyingine naona straiki ni 30 moja kwa moja. Ipi ya kweli?

MwanaWaVuga

Zote za kweli kaka, na hapo ndipo penye hatari.

Ile ya pili imetumiwa na shirikisho la dunia kwenye baadhi ya mashindano yake. Straiki ni 30 papo hapo, haingojei kitu. Spea ni 10 ukiongeza ulizoangusha kwa mpira wa kwanza wa fremu hiyo hiyo. Ukiacha pini, unapata ulizoangusha tu. Wameitafuta njia hiyo ili mtazamaji wa kawaida aelewe, na gemu kamilifu bado ni 300, ila kwa straiki kumi badala ya kumi na mbili.

Chukua fremu zetu tatu, ya sita, ya saba na ya nane. Kwa hesabu mpya, sita ni 30, saba ni 30 ukiifuata sheria au 9 kwa walivyoandika, nane ni 18 kwa sababu mpira wa kwanza aliangusha nane. Tofauti inakuwa 21 badala ya 20. Ni karibu sawa, lakini ni bahati tu. Kwa mtu anayepiga straiki za kuachana, moja hapa moja kule, hesabu mpya inamtajirisha. Kwa mtu anayezipiga kwa mfululizo haimzidishii kitu kikubwa, maana ile ya zamani ilikuwa inamlipa tayari. Kwa hiyo ukibadilisha hesabu unaweza kubadilisha bingwa bila pini hata moja kusogea.

Na mafuta je? Kumbi nyingi huweka mafuta mengi katikati na machache pembeni, mpira ukipotea kidogo leni yenyewe inaurudisha. Kwenye mashindano makubwa wanayatandaza karibu sawasawa na hakuna kusamehewa. PBA wana mitindo yao yenye majina ya wanyama, Cheetah, Viper, Scorpion, Shark, na kila mmoja una urefu wake. Siku ile mafuta ya gemu ya kwanza hayakuwa mafuta ya gemu ya tatu, yalikuwa yameshaliwa na mipira, na waliocheza kundi la mchana walikuta leni kavu. Hakuna aliyeandika kama yatapakwa tena adhuhuri au la. Naweza kuendelea mpaka asubuhi.

Kete64

Sasa mnafanya nini? Kulia kumetosha.

MwanaWaVuga

Tunafanya ya kwetu. Tumekubaliana sita sisi na vijana wengine wa Dar, akiwemo yule aliyechukua kombe, ambaye nimezungumza naye kwa simu na ni muungwana kabisa. Amesema yeye mwenyewe hakulifurahia lile kombe, alitaka wacheze fremu za ziada. Tumekodi leni nne kwa nusu siku, na nimeandika ukurasa mmoja utakaobandikwa ukutani kabla mtu hajavaa viatu. Nauweka hapa mniuchambue bila huruma.

"Tunafuata kitabu cha USBC, hesabu ya zamani. Kompyuta ni karani, siyo refa. Ukitokea ubishi juu ya pini, leni hiyo inasimama, haitupwi mpira mwingine mpaka mwamuzi afike. Mwamuzi akishindwa kuamua papo hapo, mchezaji anacheza hali zote mbili, hesabu mbili zinaandikwa sambamba, na uamuzi unatolewa kabla gemu inayofuata haijaanza. Karatasi haitiwi saini ikiwa ina ubishi uliobaki. Mipira yote inatazamwa asubuhi, mwenye tundu asilolitumia anaambiwa hapo hapo na anaazimwa mwengine. Mpira unapanguswa kwa kitambaa kikavu tu wakati wa mchezo. Sare ya nafasi ya kwanza inaamuliwa kwa kucheza fremu ya tisa na ya kumi upya, na ikibaki sare zinarudiwa. Mafuta yanapakwa mara moja, asubuhi, na wote wanacheza kundi moja. Mwamuzi ni mmoja, hachezi, hana ndugu anayecheza. Taa ya faulo ikiharibika, wachezaji wa leni hiyo wataangaliana wenyewe."

BintiMalindi

Yote mazuri isipokuwa sentensi ya mwisho. Hiyo ndiyo iliyonifanya ninyamaze siku ile. Utamwita mwenzako faulo na mmekuja boti moja, mtarudi boti moja? Iondoe.

Nahodha_Mstaafu

Binti kasema kweli. Kuangaliana wenyewe ni kazi nzito kuliko mnavyofikiri.

MpembaWaWete

Na "papo hapo" ni muda gani? Dakika moja, dakika tano? Wale waandaaji wa Dar nao walikaa dakika tano.

MwanaWaVuga

Nimebadilisha. "Taa ya faulo ikiharibika, leni hiyo haichezwi mpaka awekwe mtu wa kuutazama mstari, asiyecheza." Na "papo hapo" nimeandika dakika mbili kwa saa ya ukutani.

Nahitaji watu wawili wasiocheza, mmoja wa mstari na mmoja mwamuzi. Nauli ya boti tutawalipia, kwenda na kurudi.

Nahodha_Mstaafu

Mwamuzi niandike mie. Nitumie kitabu hicho leo, nina wiki moja ya kukisoma. Na huyo mtoto wa dada yangu nitamwambia asije kucheza.

Kete64

Mie niandikeni wa mstari. Mguu kuvuka mstari sihitaji kitabu.

KakaMkubwa_Ung

Tiketi za kurudi tukate za boti ya mwisho.